“Ni kalambo tu”: yasemwayo kuhusu mabwawa ya udongo ya shambani, na ukweli wake

Ukitaka kujua hali ya bwawa la udongo, usiende kutazama maji. Zunguka nyuma, teremka hadi kwenye kitako cha tuta, yaani ukuta wa udongo unaozuia maji, utembee polepole wakati wa kiangazi. Nilitembea hivyo na mzee mmoja mwenye lambo lake la kunyweshea ng’ombe. Nyasi zilikuwa zimekauka kote, isipokuwa sehemu moja yenye ukubwa wa mikeka miwili, majani mabichi hadi magotini. “Hapa ndipo ndama wangu wanaponenepea,” akaniambia. Kwake ilikuwa neema, na nilimwonea haya kumharibia.

“Unyevu nyuma ya tuta ni kawaida.”

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji hata tone. La kuuliza ni maji yanatoka na nini. Yakiwa maangavu, na kiasi chake hakiongezeki, chomeka kigingi pale, andika tarehe, urudi kila wiki. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, basi yanachota udongo tumboni mwa tuta. Kijia cha maji huanzia nyuma kikarudi ndani kuelekea majini, kikipanuka kadiri kinavyokwenda, na kikishafika majini tuta laweza kwisha kwa saa chache. Mara nyingi hufuata ubavu wa bomba la kutolea maji, pale ambapo udongo haukushindiliwa vizuri, au shimo la nungunungu, au kichuguu.

Na ukiona yanatoka, usiyazibe kwa udongo wa mfinyanzi upande huo wa nyuma. Yatatafuta pengine pa kutokea. Kinachosaidia kwa dharura ni mchanga safi, kisha kokoto juu yake: maji yapite, udongo ubaki.

“Panda miti, mizizi itashika udongo.”

Mlimani, sawa. Kwenye tuta, hapana. Mti ukifa mzizi huoza na kuacha mrija mtupu ndani ya tuta, na mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung’oka na bonge la udongo. Panda ukoka, uukate uwe mfupi ili uone mashimo. Ng’ombe nao wasipande juu ya tuta, kwani njia yao huacha bonde dogo, na hapo ndipo maji yatakapovukia kwanza.

“Bwawa dogo halina madhara.”

Tupige hesabu. Lambo la mita 50 kwa 40, kina cha wastani mita 2, lina mita za ujazo 4,000. Kila mita ya ujazo ni tani moja: hapo ni malori 400 ya tani kumi yanayoteremka mlima bila breki. Hatari ya bwawa hupimwa kwa kutazama nani analala chini yake. Solai, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, watu walilijua bwawa la Patel kama bwawa la shamba la mtu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47 katika makazi yaliyokuwa bondeni.

“Limekaa miaka 40, halina neno.”

Tuta ni lile lile, ila mlima ulio juu yake umebadilika. Msitu umekuwa shamba, kijia kimekuwa barabara, mabati yameongezeka. Mvua ile ile sasa hufika bwawani kwa kasi zaidi. Bomba la chuma nalo limekula kutu miaka yote hiyo.

“Tukiinua mdomo wa kumwagia, tutavuna maji zaidi.”

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu hufanywa na watu wenye akili na bidii. Mfereji wa kumwagia maji ya ziada, ule ulio pembeni mwa tuta, huonekana kama hasara: maji mazuri yanajiendea. Kwa hiyo mtu hupanga viroba vya mchanga mdomoni mwake, au huweka wavu ili perege wasitoroke. Usiku wa gharika wavu hukamata majani, matawi na chupa za plastiki, mfereji huziba, maji hupanda na kuvuka juu ya tuta lenyewe. Udongo haustahimili maji yanayopita juu yake. Mabwawa mengi ya udongo yaliyobomoka yalibomoka hivyo.

Kosa hili ni la zamani. Bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, lilikuwa mali ya klabu ya matajiri wapenda uvuvi. Waliushusha ukingo wa tuta ili magari ya farasi yapite, wakaweka vyuma vya kuzuia samaki kwenye njia ya kumwagia. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ikaja, bwawa likabomoka. Watu zaidi ya 2,200 wakafa, wengi wao katika mji wa Johnstown.

“Shamba langu, bwawa langu.”

Shamba ni lako, maji si yako. Kenya ina Sheria ya Maji ya 2016, na Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kote kuwili kibali hutafutwa kabla ya katapila kuletwa.

“Juu yetu hakuna bwawa.”

Huko Mai Mahiu, Kenya, Aprili 2024, habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejaa nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya maji ipitayo chini ya reli kuzibwa na takataka. Tuta lolote linaloziba bonde ni bwawa, hata kama hakuna aliyekusudia.

Turudi kwa mzee. Tulikinga maji ya pale penye nyasi kwenye chupa ya soda, tukaiacha dirishani usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na tope chini, unene wa kidole. Wanawe wakachukua majembe wakakate tuta maji yatoke upesi, na hapo ndipo mzee alipopaza sauti: mkato kwenye tuta la udongo hujipanua wenyewe, hauna wa kuuzuia. Wakaazima pampu ya umwagiliaji kwa jirani. Mzee mwenyewe akashika fimbo, akateremka bondeni nyumba kwa nyumba.