Rada ya setilaiti inavyoona mteremko unaotambaa

Anayepita barabara ya Mombo kwenda Soni na Lushoto wakati wa masika anajua udongo unavyoweza kushuka bila hodi. Lakini miteremko mingi mikubwa haiachii ghafla. Hutambaa kwanza, milimita chache kwa mwezi, kisha mwendo unaongezeka. Kufuatilia maporomoko ya ardhi kwa rada ya setilaiti maana yake ni kuupima mtambao huo kutoka angani kabla macho hayajauona.

Setilaiti za Sentinel-1 za Shirika la Anga la Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2014, huzunguka dunia kwenye kimo cha karibu kilomita 700. Hazipigi picha za kawaida. Hutuma mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 5.6 hivi na kupokea mwangwi wake, kwa hiyo usiku si kikwazo, wala ukungu wa Usambara. Kila setilaiti hurudi kwenye njia ileile baada ya siku 12.

Ujanja wote uko katika kulinganisha miangwi ya safari mbili. Fikiria fundi mwenye futi ambayo namba za mita zimefutika, zimebaki milimita tu: hawezi kukuambia ukuta uko umbali gani, ila ukisogea kidogo atajua. Rada nayo husoma wimbi limerudi likiwa limefika sehemu gani ya mzunguko wake. Ardhi ikisogea sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kuikimbia, wimbi, kwa kuwa huenda na kurudi, hubadilika kwa mzunguko mzima. Picha nyingi zikipangwa kwa tarehe, msogeo wa milimita chache kwa mwaka huonekana.

Dalili yenyewe ni kuongezeka kwa mwendo. Mteremko unaosogea kwa kasi ileile miaka yote unaweza kukaa hivyo muda mrefu, lakini ukianza kuharakisha, hapo kuna jambo. Huko Xinmo, China, mlima ulioangukia kijiji Juni 2017 ulikuwa umeanza kuharakisha wiki kadhaa kabla. Ubaya ni kwamba data hizo zilichambuliwa baada ya maafa. Ndiyo maana naona kusema rada “inatabiri” maporomoko ni kutia chumvi: inaonyesha mteremko wa kutiliwa shaka, haitaji saa.

Na kwa Tanga kuna kikwazo kingine, nacho ni majani. Msitu wa Amani na mashamba ya chai hubadilika kila siku, mwangwi wa leo haufanani na wa majuma mawili yaliyopita, kipimo kinavurugika. Vinavyosomeka vizuri ni miamba mitupu, kuta na mapaa ya bati. Pia kuna miteremko mikali ambayo rada haiioni kabisa kwa sababu mlima wenyewe umeikinga.

Tope la kasi, kama lililoshuka kutoka Mlima Hanang na kuikumba Katesh Desemba 2023, ni habari nyingine. Linaweza kuanza na kuisha kati ya safari mbili za setilaiti. Hapo vipimo vya mvua vina kazi zaidi, pamoja na jicho la mwenyeji anayeona nyufa mpya shambani au mlango uliogoma kufunga.

Kwa milima yenye kijani kingi, tegemeo kubwa ni NISAR ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025. Mawimbi yake marefu, ya sentimita 24 hivi, hupenya majani vizuri zaidi na kuifikia ardhi iliyo chini yake.