Usiwakalishe pamoja: maswali ya watoa huduma za afya ya akili kuhusu ukatili wa nyumbani

Maswali haya huulizwa na wauguzi wa afya ya akili, washauri nasaha na maafisa ustawi wa jamii wanapofundishwa kuwahudumia watu wanaofanyiwa ukatili nyumbani. Mifano ya sheria na taratibu ni ya Tanzania, na ya Kenya kidogo.

Ukatili wa nyumbani ni upi, na ugomvi wa kawaida wa ndoa ni upi?

Ukatili ni mtu wa ndani, mara nyingi mume au mwenza, kumtawala mwenzake kwa kipigo, kwa kumlazimisha ngono, kwa vitisho na matusi, au kwa kumbana kifedha: mshahara unachukuliwa, laini ya simu yenye pesa anaishika yeye. Wanaume nao hufanyiwa, na hatua za kuwahudumia ni hizi hizi. Ukitaka kutofautisha, tafuta hofu. Wanandoa wanaojibizana hadi usiku na asubuhi wakaendelea, hakuna anayemwogopa mwenzake, hao wanagombana. Anayeshtuka akisikia geti linafunguliwa ana jambo jingine kabisa.

Hiyo si kazi ya polisi?

Mara nyingi polisi hawamwoni anayefanyiwa ukatili. Wewe unamwona, ila haji kwa jina hilo. Anakuja na kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, kichwa kisichosikia panadol, mwili kuwaka moto. Anapewa diazepamu, dawa ya kutuliza. Anarudi, anaongezewa amitriptilini, dawa ya sonona. Faili linanenepa, na hakuna ukurasa ulioandikwa anaishi na nani na anamwogopa nani.

Shirika la Afya Duniani, WHO, halishauri kumuuliza kila mgonjwa anayeingia kituoni. Linashauri kuuliza pale tatizo lililomleta linapoweza kuwa limetokana na ukatili au kuzidishwa nao: sonona, wasiwasi, kujidhuru, jaribio la kujiua, matumizi ya pombe, majeraha yasiyolingana na maelezo. Kwa kliniki ya afya ya akili hiyo ni orodha ya wagonjwa wa Jumatatu asubuhi.

Nimuulizeje bila kumtisha?

Kwanza awe peke yake. Mwambie aliyemleta kwamba utaratibu wa kliniki ni kila mgonjwa kuonwa peke yake kwa dakika chache, kisha mwelekeze dirisha la malipo au la usajili. Kama mgonjwa hajui Kiswahili vizuri, mkalimani asiwe ndugu wala mtoto wake. Kama chumba hakina mlango unaofungwa, usiulize siku hiyo. Tafuta chumba kwanza.

Pili, mweleze mipaka ya siri kabla hajasema neno: anachokueleza kinabaki kwako, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa.

Halafu uliza waziwazi: "Dada, wengi wanaokuja hapa na shida ya usingizi kama yako huwa na matatizo nyumbani. Kuna mtu anayekupiga, anayekutisha, au unayemwogopa?" Akikataa, usimbane. Mwambie mlango uko wazi, na uulize tena ziara nyingine. Usiulize "ulimfanya nini?" wala "kwa nini huondoki?" Maswali hayo ameshaulizwa na mawifi.

Akishanieleza, si vyema nimwite mumewe tukae wote watatu tuyamalize?

Hapana.

Hili ndilo kosa linalofanywa na watu wenye nia njema kuliko yote, na ndilo linalowarudisha wagonjwa wakiwa wameumizwa zaidi. Kikao cha pamoja kina njia mbili tu. Akisema ukweli mbele ya mumewe, deni lake atalilipa usiku. Akiogopa, atasema "tulikosana kidogo tu", nawe utaandika kwenye faili "wamesuluhishwa, wanaendelea vizuri". Mume naye anaondoka na faida: amejua mkewe alisema nini, kwa nani, na anapanga kwenda wapi. Tena kule kuwakalisha kwenye viti viwili vinavyotazamana tayari kumeshasema kwamba kosa ni la wote wawili, nusu kwa nusu.

Usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kukataana bila mmoja kuogopa kupigwa. Hapa hawapo.

Na kama mgonjwa mwenyewe ndiye anayeomba nimwite mumewe?

Bado hapana. Ombi hilo husikika sana, na linaeleweka: anataka kipigo kiishe, hataki ndoa iishe, na anaamini mume atamsikiliza mtu mwenye koti jeupe. Mweleze kwa upole kwamba humwiti kwa sababu huwezi kumlinda mkishaachana mlangoni. Usimpigie mume "kumwonya kidogo". Usimpe mgonjwa barua ya kumpelekea.

Mume akitaka msaada kwa hiari yake, aonwe na mtaalamu mwingine, siku nyingine, na faili lake lisikutane na la mkewe. Kama anakunywa, atibiwe ulevi, lakini usimwahidi mkewe kwamba chupa ikiondoka kipigo kitaondoka. Wapo wanaopiga wakiwa wazima kabisa, na wapo walevi wasiowahi kumgusa mtu.

Mbona mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yanawakalisha?

Baraza ni hatua ya kisheria kabla ya shauri la talaka, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Wewe si baraza. Hata mahakama inaweza kuruhusu shauri lisipitie baraza pale penye mazingira ya kipekee. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Nchini Kenya ipo Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015, inayomwezesha mwathirika kuomba amri ya ulinzi mahakamani.

Ukishajua hayo, usimrudishe kwa mshenga, kwa mjomba wala kwa kiongozi wa dini ili "wamalizane kifamilia". Akitaka kwenda mwenyewe ni haki yake. Wewe usiwe ndiye uliyemtuma.

Basi nifanye nini siku ileile ya kwanza?

WHO ina hatua tano za msaada wa kwanza: sikiliza, uliza mahitaji, thibitisha kwamba unamwamini na kwamba kosa si lake, imarisha usalama, muunganishe na huduma. Zote zinawezekana ndani ya dakika 20 au 30. Kusikiliza hapa si kumchimba akusimulie kila kipigo tangu harusi. Kumlazimisha mtu kusimulia kiwewe chote kwa mkupuo hakumponyi.

Kisha pima hatari kwa maswali sita. Je, kipigo kimeongezeka au kuwa kibaya zaidi ndani ya miezi 6? Amewahi kutumia au kukutishia kwa silaha? Amewahi kukukaba koo? Unaamini anaweza kukuua? Amewahi kukupiga ukiwa mjamzito? Ana wivu mkali usiokoma? "Ndiyo" tatu au zaidi ni hatari kubwa ya karibu. Hapo usimwambie "rudi wiki ijayo". Zungumza naye kuhusu mahali pa kulala leo, na kwa ridhaa yake mpigie afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kabla hajatoka chumbani.

Aliyekabwa koo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo hata kama shingo haina alama. Uliza kama sauti imekauka, anameza kwa shida, alipoteza fahamu au alijikojolea. Angalia vidoti vyekundu kwenye macho. Mshipa wa shingo ukichanika ndani, kiharusi kinaweza kuja baada ya saa kadhaa au siku kadhaa.

Aliyelazimishwa ngono, hata na mumewe, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU, PEP, zinazomezwa siku 28, na kadiri anavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinafaa hadi saa 120. Hesabu sasa: kikao cha familia kimepangwa Jumapili, tukio lilikuwa Jumatano usiku. Kikao kikiisha, PEP imeshapita. PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, nayo ni ya ushahidi. Matibabu ya dharura hayaisubiri.

Mpango wa usalama una nini ndani yake?

Vitu vidogo, vya kweli. Nyumba gani ya jirani atakimbilia, na ishara gani jirani ataielewa. Ugomvi ukianza akae mbali na jikoni, kwenye visu na mchi, na mbali na chumba chenye mlango mmoja. Kitambulisho cha taifa (NIDA), kadi ya bima, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nauli vihifadhiwe kwa mtu anayemwamini. Aangalie kama WhatsApp yake imeunganishwa na kifaa kingine. Mpango wote ukae kichwani. Karatasi hukutwa chini ya godoro.

Usimsukume aondoke. Wakati wa kuondoka, na wiki zinazofuata, ndio wakati ambao wengi huumizwa vibaya au kuuawa. Ataamua yeye, na akiamua kurudi bado ni mgonjwa wako.

Mume amemleta akisema mke wake amechanganyikiwa. Nianzie wapi?

Anzia kwa mke. Inaudhi kusoma faili lenye kurasa tatu za historia iliyotolewa yote na mume. "Anadhani anafuatiliwa": huenda anafuatiliwa kweli, simu yake inakaguliwa kila jioni. "Anasahau, anashika kichwa": aliwahi kupigwa kichwani? Ugonjwa wa akili na ukatili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, kwa hiyo tibu ugonjwa na usifunge macho kwa kingine.

Vipi kuhusu dawa?

Diazepamu si tiba ya mtu anayelala karibu na anayempiga. Inamfanya asisikie hatari ikija, na mwili unaizoea. Kwa mshtuko wa mwezi wa kwanza usikimbilie diazepamu wala dawa za sonona. Kama ana sonona kamili, tibu sonona, lakini uliza kuhusu kujiua kwanza. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja huua kwa kuvuruga moyo, hivyo mwenye mawazo ya kufa apewe ya siku 7, si ya mwezi. Tiba za mazungumzo zina nafasi kubwa: PM+ (Problem Management Plus) ya WHO, tiba fupi ya kumsaidia mtu kukabiliana na matatizo yake, vikao vitano vya dakika 90, ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake wengi wao waliopitia ukatili, ikiendeshwa na wahudumu wa jamii waliofundishwa, na ilipunguza msongo wao.

Tulishahudhuria semina ya siku moja. Haitoshi?

Haitoshi. Slaidi hazimfundishi mtu kunyamaza. Mazoezi ya igizo ndiyo yanayofundisha: watu watatu watatu, mmoja mgonjwa, mmoja mtoa huduma, mmoja mwangalizi, dakika 10, kisha wabadilishane. Mwangalizi ahesabu mara ngapi mtoa huduma ametoa ushauri kabla ya kuombwa. Mazoezi ya kwanza karibu kila mtu husema "mama, ndoa ni uvumilivu" bila hata kujisikia; hiyo ndiyo kazi ya siku ya kwanza. Baada ya mafunzo, angalau mara moja kwa mwezi timu ikae na msimamizi kupitia kesi. Na mkufunzi akumbuke kwamba ndani ya darasa wamo wanaopigwa nyumbani: atangaze mapema kwamba ruhusa ya kutoka haihitaji maelezo.

Niandike nini, na wapi?

Kwenye faili linalobaki kituoni andika maneno yake kama alivyosema, "mume wangu alinikaba koo kwa mikono miwili", pamoja na mahali, ukubwa na rangi ya kila jeraha kwenye mchoro wa mwili. Kwenye daftari analokwenda nalo nyumbani usiandike hata mstari kuhusu ukatili. Daftari hilo linasomwa. Andika "maumivu ya kichwa, arudi tarehe fulani".

Na nikitaka kumfuatilia kwa simu?

Kubaliana naye kabla hajaondoka: namba ipi, saa ngapi, na useme nini akipokea mwingine. Kama mmekubaliana kisingizio kiwe kikundi cha kuweka akiba, basi wewe ni wa kikundi na unaulizia kikao. Sauti ya kiume ikipokea, uliza hicho kikao, shukuru, kata. Usitume ujumbe wenye jina la kituo.