Mbao ya Kijani Si Lazima Iwe na Dawa

Malalamiko ya kenchi kupinda na mbao za paa kubunguliwa mapema yameongezeka. Wengi wanaotuletea vipande chuoni husema, "Lakini niliuziwa za dawa, zilikuwa kijani kabisa." Mara nyingi mteja huyohuyo alikuwa amekataa mbao nyingine kwa kuwa ina michirizi ya bluu. Bluu ile ni ukungu unaokula sukari iliyomo kwenye mbao. Huharibu sura, lakini nguvu ya mbao haiipunguzi sana. Kijani ndicho cha kutilia shaka.

Dawa iliyozoeleka kwenye paina ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Haipakwi kwa brashi wala haichovywi kwenye pipa. Mbao hupangwa ndani ya tangi la chuma linalofungwa, hewa ikanyonywa, dawa ikaingizwa, kisha ikasukumwa kwa shinikizo kubwa hadi izame. Maji yaliyotiwa rangi nayo hutoa kijani kizuri tu, na hayazuii mchwa wala bungua.

Kabla ya kulipa, omba ubao mmoja ukatwe katikati. Usikubali ukatwe nchani, kwa sababu huko hata mbao ya kuchovya hunywa rangi. Kiini cha mti hakipokei dawa vizuri, hivyo kukikuta cheupe si kosa. Sehemu inayokizunguka ndiyo lazima iwe imekolea. Maabara tunapuliza kemikali ya kupimia shaba juu ya mkato, na penye dawa hugeuka bluu iliyokoza. Kijani kikiishia juujuu, hiyo ni rangi.

Suala la pili ni maji, na hapa tunaomba mafundi watusikilize, maana hili tumelisema mara nyingi. Mbao kukaa juani wiki moja haijakauka. Kipimo chenyewe kiko hivi: kata kipande kidogo mbali na ncha, kipime uzito, kiweke kwenye tanuri la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito uache kushuka, toa uzito mkavu kwenye ule wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 260 kilichobaki 200 kina unyevu wa asilimia 30. Paina iliyotoka kukatwa huweza kuzidi asilimia 100, na wanafunzi wapya hudhani wamekosea hesabu. Ikishuka chini ya asilimia 20 na kubaki hapo, kuvu wa kuozesha hawastawi. Ukiipigilia mbichi itakaukia darini, ipinde na kulegeza misumari. Tena mbao mbichi haipokei dawa ipasavyo, kwa kuwa nafasi ya dawa imejaa maji.

Anayesema mbao ni ya vibanda atazame jengo la Mjøstårnet, Norwei, lililokamilika 2019 likiwa na urefu wa mita 85.4. Nguzo zake ni mbao zilizogundishwa, na zilikaushwa kwanza.

Umri wa mti nao una neno. Mashamba ya Mufindi na Njombe yanatoa paina nzuri, ila mti uliokatwa mchanga mno una mbao dhaifu inayojikunja, na hakuna dawa ya kurekebisha hilo.

Mnunuzi adai risiti. Anayesafirisha awe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na idadi na vipimo vilivyoandikwa vilingane na mzigo ulio kwenye gari. Kwa Sheria ya Misitu ya Tanzania Na. 14 ya mwaka 2002, mzigo usio na nyaraka unaweza kutaifishwa, na mhusika akatozwa faini au kufungwa. "Sikujua" haipokelewi kama utetezi.

Fundi akikata mbao ya dawa, mkato mpya upakwe dawa ya kuhifadhi mbao kabla ya kupigiliwa. Vipande vinavyobaki visiende jikoni wala kwa mama lishe: moshi na majivu yake yana aseniki. Vifukiwe mbali na kisima, na watoto wasivichezee.