Si kila kitu ni mila: dhana potofu kuhusu maadili na skuli, Unguja na Pemba

Mtoto akikosa skuli Makunduchi, Unguja, au Micheweni, Pemba, jibu la haraka huwa moja: mila. Mila, dini, mazoea ya wazee. Neno hilo limebebeshwa mizigo isiyo yake. Ni kweli kwamba yale jamii inayoyathamini ndiyo huamua mtoto afunzwe nini, na nani, saa ngapi, na akae vipi mbele ya mwalimu. Lakini ukitazama kwa karibu, mara nyingi kilichomtoa mtoto darasani ni saa, ni mwendo, ni mlango wa choo usio na komeo. Hizi ni dhana tunazozisikia zaidi, na ukweli wake.

Dhana: Dini iliwafanya wazee wawakataze watoto kusoma, hasa wasichana

Wazee hawakukataa kusoma. Kabla ya skuli za serikali, vyuo vya Kurani vilikuwa vimeenea mjini na mashamba, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, hati za mashamba, mashairi. Walichokitilia shaka ni skuli ya wakoloni iliyokuja bila Kurani, na wengi walihofia watoto wao watatolewa katika dini. Serikali ya ukoloni ilipokubali kutia Kurani kwenye ratiba na kuwaajiri walimu wa chuo, watoto wakaanza kupelekwa. Kwa wasichana, skuli ya serikali ilifunguliwa mjini mwaka 1927, ikiwa ya peke yao. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, ikatangazwa elimu bila malipo kwa wote. Leo wasichana wamewazidi wavulana kwa idadi katika sekondari za Zanzibar. Ushungi haukuvuliwa ili haya yatokee. Skuli ndiyo iliyomkubali msichana na ushungi wake.

Jambo hilohilo lilionekana tena kwa watoto wadogo. Mpango wa skuli za maandalizi za madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, uliweka kuhesabu, kucheza na Kurani chini ya paa moja, kwa walimu wanawake wa kijijini na vifaa vya palepale: vifuu, makombe, mbegu.

Dhana: Chuo cha Kurani kinamlemaza mtoto, kukariri hakumsaidii skuli

Mtoto aliyefundishwa kutia irabu ameshavuka hatua ngumu ya kusoma. Be ikiwa na fataha ni ba, ikiwa na kasra ni bi, ikiwa na dhuma ni bu. Ameshajua kwamba alama hubeba sauti na kwamba irabu huibadilisha. Akikutana na ba, be, bi, bo, bu za Kiswahili, jambo si geni kwake, isipokuwa herufi na upande wa kuanzia. Mwalimu wa darasa la kwanza amwekee nukta mkono wa kushoto wa kila mstari kwa wiki za mwanzo. Asiwe na wasiwasi akiona herufi zilizogeuzwa, kwani hata watoto wasiokwenda chuo hugeuza herufi katika umri huo.

Shida ziko mahali pengine, na ni mbili. Ya kwanza: Kurani mtoto huisoma kabla hajajua Kiarabu, kwa hiyo anaweza kuchukua hata kitabu cha Kiswahili akadhani kusoma ni kutamka tu. Kipimo ni chepesi. Asome aya moja, funga kitabu, muulize nani alifanya nini na kwa nini. Akirudia maneno ya kitabu vilevile, amekariri. Akisema kwa maneno yake, amefahamu.

Ya pili ni usingizi. Mtoto wa miaka 7 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 11. Akitoka skuli mkondo wa asubuhi, akala, akaenda chuo mpaka jua lishuke, kazi za skuli anazianza baada ya isha. Akilala saa 4 usiku na kuamshwa saa 11 alfajiri, amepata saa 7 tu. Hapo si chuo kinachomlemaza wala si skuli. Ni walimu wawili, pengine wa kijiji kimoja na msikiti mmoja, wasiowahi kukaa wakapatana. Wakipatana kwamba kazi ya nyumbani isizidi dakika 20, na isitolewe siku ambayo chuoni kuna kusikilizwa hifdhi, yaani Kurani aliyoihifadhi moyoni, mtoto analala.

Dhana: Mtoto mwenye adabu ni aliyenyamaza, na anayeuliza ameharibika

Hapa ndipo thamani njema inapoharibu somo kimyakimya. Mwalimu mbele ya watoto 60 anauliza, "Mmefahamu?" Darasa zima: "Ndiyo, mwalimu!" Jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Mtoto amefunzwa nyumbani kwamba mkubwa hakatazwi neno lake, na kusema "sikufahamu" kunamkalia kama kumwambia mwalimu hajui kufundisha. Basi anaitikia na wenzake, na mtihani ndio unaokuja kumfichua.

Kosa la kawaida ni kutaka kuivunja heshima yenyewe: watoto wanaambiwa wawe huru, wapaze sauti, wamkatize mwalimu. Nyumbani wazee wanaona ufedhuli, na mtoto mpole anazidi kujikunyata. Heshima ibaki, ipewe njia nyingine.

Badili swali. Badala ya "mmefahamu", uliza: "Robo tatu na theluthi mbili, ipi kubwa, na umejuaje?" Kisha hesabu kimoyomoyo mpaka 5 kabla ya kumchagua mtu, kwa sababu walimu wengi hujibu wenyewe kabla mtoto hajamaliza kufikiri. Wape dakika 2 wazungumze wawili wawili, halafu muulize mtoto mwenzake kasema nini. Ni rahisi zaidi kutaja mkanganyiko wa mwenzako kuliko wako. Na wiki ya kwanza wafundishe sentensi yenyewe, waiseme kila mmoja: "Samahani mwalimu, naomba unieleweshe tena." Mtoto wa Kizanzibari akipewa maneno ya adabu ya kuulizia, huuliza.

Kuna dawa nyingine ambayo tayari imo katika chuo na skuli imeiacha. Chuoni mtoto husomeshwa mmoja mmoja. Anakaa mbele ya mwalimu, anasoma, anasahihishwa palepale, anarudia, anaondoka. Haoni haya kwa sababu kila mtu hupita hapo. Mwalimu wa hesabu akiita watoto 6 mezani kila kipindi wakati wengine wanafanya zoezi, darasa la watoto 60 linamalizika kwa vipindi 10.

Dhana: Mzanzibari hana tatizo la lugha, Kiswahili ni chake

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Mtoto wa Makunduchi, Tumbatu au wa Pemba anakuja na lahaja yake, na akifyata ulimi huwa hakukosa fikra, amekosa neno la skuli. Mwalimu alipokee jibu kwanza, kisha aliseme tena kwa sanifu, bila kumcheka. Sera ya Elimu ya 2006 iliongeza ngazi nyingine kwa kuelekeza hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5, na woga wa kuuliza unazidi mara mbili lugha inapokuwa ngeni.

Dhana: Watu wa pwani na wa karafuu hawathamini skuli

Chukua kalenda ya mwezi uiweke karibu na daftari la mahudhurio. Maji ya bamvu, yanayojaa na kutoka sana, huja baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na katika siku hizo maji ya kwetu hutoka kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, katikati ya vipindi. Huo ndio wakati wa kufunga na kuvuna mwani, kazi iliyoshika kasi Paje na Jambiani tangu 1989, na wanaoifanya zaidi ni akina mama. Mama akiwa majini, mtoto mkubwa anabaki na mdogo. Skuli ya pwani inaweza kuweka mitihani na mada ngumu wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, na kuacha marudio kwa siku za bamvu. Wavulana wanaofuata dago, yaani kambi za wavuvi, ni tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa wao huhama kwa wiki nyingi, na anayerudi anahitaji mtu wa kumpa madaftari ya siku alizokosa kabla hajajiona amechelewa mno.

Pemba, msimu wa karafuu, watoto huokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, na kuchambua usiku, makonyo (vikonyo vya karafuu) kwa upande wake, kwa kuwa karafuu mbichi haisubiri. Anayesinzia kipindi cha kwanza hakulala. Bakora haitamwamsha.

Dhana: Msichana akivunja ungo, au akipata mimba, skuli imekwisha

Somo wa unyago, yaani mwanamke anayemfunda msichana aliyevunja ungo, amekuwa mwalimu wa mwili kabla ya skuli kuwa na somo hilo. Palipo na somo anayesikilizwa, mwalimu wa kike akae naye wakubaliane mafunzo: kitambaa cha hedhi kifuliwe kwa sabuni na kianikwe juani, si kufichwa chini ya godoro, kwani unyevu huleta ukungu na mwasho. Kinachomrudisha msichana nyumbani siku hizo ni choo. Anahitaji maji ya tohara ndani ya mlango, komeo la ndani, na pipa lenye kifuniko.

Kuhusu mimba, sheria ya 1985 iliyomfunga jela mwanamke asiyeolewa aliyepata mimba ilifutwa kwa Sheria ya 2005. Zanzibar ilimruhusu msichana kurudi skuli baada ya kujifungua miaka mingi kabla ya Tanzania Bara, iliyoruhusu Novemba 2021. Kinachomzuia sasa ni maneno ya watu getini, na nani atashika mtoto mchana. Hilo la pili bibi hulimaliza akiombwa mapema, kabla ya kujifungua.