Ua limepinda? Usikimbilie bomba la dawa

Mvua za Machi hadi Mei zikipita, bustani za Kampala, Entebbe na Jinja hujaa maua, na malalamiko nayo huanza. Waridi limefunguka likiwa na kingo za kahawia, jerbera lina petali fupi upande mmoja, dalia limetoka dogo na kujikunja. Wengi huenda moja kwa moja duka la pembejeo kuomba "dawa ya maua". Dawa ya namna hiyo haipo, kwa sababu ua hupindwa na mambo mengi, na mengine hayahusiani na wadudu hata kidogo.

Dhana: Sioni mdudu, basi hakuna mdudu

Kwa maoni yangu, dhana hii ndiyo inayoharibu maua mengi kuliko nyingine zote. Vithiripi, wadudu wembamba wanaofyonza mimea, wana urefu wa milimita 1 hadi 2, na huingia ndani ya tumba kabla halijafunguka. Humo hukwangua petali changa na kufyonza utomvu wake. Sehemu iliyoumizwa hudumaa huku sehemu nyingine ikiendelea kukua, na ndiyo maana ua hufunguka likiwa limepinda, lina michirizi ya rangi ya fedha au kingo zilizokauka. Mawaridi meupe na ya manjano huonyesha madhara haya zaidi.

Kuwapata si kazi ngumu. Kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe, kisha tulia na utazame. Ukiona vidudu vyembamba vya manjano au kahawia vikianza kutembea, umeshapata jibu. Angalia na kalenda pia: mvua kubwa huwapunguza, na kiangazi cha Juni hadi Agosti huwaongeza.

Karatasi ikibaki tupu, bado usiseme hakuna kitu. Wapo utitiri wenye urefu wa takriban milimita 0.2 tu, ambao macho hayawezi kuwaona bila lenzi. Hao hukaa kwenye ncha changa. Majani mapya hukakamaa na kujikunja, na maua, hasa ya jerbera, hutoka yamepinda upande mmoja.

Dhana: Dawa yoyote ya wadudu itamaliza tatizo

Utitiri si mdudu. Ana miguu 8 na yuko karibu zaidi na buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Ukipuliza dawa ya wadudu kama saipamethrini unaweza kuwaua wale wanaomla, naye akabaki akizaana bila adui. Salfa ya kupulizia humpunguza, mradi usiipulize juani kali kwa sababu huunguza majani.

Vithiripi nao wana ujanja wao. Mayai hutagwa ndani ya mmea wenyewe, na kabla ya kuwa wakubwa wengi hushuka kujificha udongoni. Dawa ikipulizwa mara moja hukuta sehemu tu ya ukoo, na ikirudiwa ileile kila mara hujenga usugu. Anza kwa kukata maua na matumba yaliyoharibika, uyafunge kwenye mfuko na kuyatoa bustanini. Usiyaache chini ya mmea. Tundika karatasi za gundi za bluu au manjano. Ukilazimika kupuliza, badilisha aina ya dawa.

Dhana: Ni jicho baya la jirani

Husuda haipindishi waridi. Ila jirani anaweza kuhusika kwa njia nyingine: dawa ya magugu. Akipuliza 2,4-D kwenye mahindi yake siku ya upepo, matone mepesi huvuka uzio. Dawa hii huiga homoni za ukuaji za mmea, hivyo mashina hujisokota, majani huwa kama vikombe, na maua hutoka vibaya.

Alama ya kuitambua ni kwamba mimea ya aina tofauti huharibika kwa wakati mmoja, mara nyingi upande mmoja wa bustani. Wadudu na magonjwa kwa kawaida hawashambulii waridi, nyanya na maharage kwa siku ileile.

Kabla hujaenda kugombana, tazama bomba lako mwenyewe, au la kijana anayekupulizia. Bomba lililobeba dawa ya magugu hubaki na mabaki hata baada ya kusuuzwa kwa maji mara moja, kisha hutumika kupulizia maua. Nasisitiza sana hili: weka bomba la magugu peke yake, liandike kwa rangi, na lisiguse kitu kingine.

Glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, nayo huacha waridi likitoa vichipukizi vyembamba vilivyosongamana. Watu huona picha za ugonjwa wa rosette kwenye simu, ugonjwa unaojulikana hasa Marekani, wakaogopa na kung'oa kichaka kizima. Rosette huleta miiba mingi kupita kawaida. Glaifoseti haifanyi hivyo.

Dhana: Mmea una njaa, ongeza yurea

Mara chache. Upungufu wa boroni, kirutubisho cha mmea, unaweza kuharibu matumba, lakini yurea haina boroni. Nitrojeni nyingi huleta machipukizi laini ambayo vidukari huyapenda mno.

Dhana: Kila ua la ajabu linaambukiza

Shina likiwa bapa kama utepe na ua likapanuka, mara nyingi ni ncha ya ukuaji iliyojeruhiwa au kubadilika yenyewe. Likate, mmea utaendelea. Selosia yenye umbo la upanga wa jogoo hupandwa kwa sababu ya hali hiyohiyo.

Virusi ni jambo jingine. Waganda waliona batobato ilivyoikunja mihogo miaka ya 1990. Dalia lenye majani ya mabaka na maua yaliyodumaa halitibiki kwa dawa, na ukimpa rafiki kipande cha kiazi chake umempa na ugonjwa.

Petali zikigeuka kijani na kuwa kama majani, jambo linaloonekana hasa kwenye vinka, shuku fitoplasma, bakteria wanaosambazwa na vidudu vinavyofyonza utomvu. Kupogoa hakusaidii. Ng'oa mmea huo pamoja na mizizi, na usichukue vipandikizi wala mbegu kutoka kwake.