Mishipa ya damu nayo ina saa, na mafuta huivuruga

Hapa Lubumbashi, mtu akipokea karatasi ya maabara inayoonyesha kolesteroli iko juu, swali lake huwa moja: "Docta, mishipa imeziba?" Namwelewa, maana picha ya bomba lililojaa mafuta tumeieneza sisi waganga wenyewe. Lakini mshipa si bomba. Ni nyama hai inayopanuka na kusinyaa, na haifanyi kazi hiyo kwa kiwango kimoja mchana na usiku. Mafuta yakizidi katika damu, huanza kuvuruga ratiba hiyo muda mrefu kabla ya chochote kuziba.

Saa kuu ya mwili iko kwenye ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho mawili zinapopishana, na mwanga ndio unaoirekebisha kila siku. Ila karibu kila seli ina saa yake ndogo. Protini mbili, CLOCK na BMAL1, huwasha jeni za PER na CRY. Protini za PER na CRY zikishakuwa nyingi, hurudi kuzizima zile zilizoziwasha. Kisha nazo huvunjwa na mzunguko unaanza upya, kama saa 24 kwa duru moja. Hall, Rosbash na Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufumbua utaratibu wa namna hii ndani ya nzi wa matunda. Nzi, ndiyo! Na jeni za ukoo uleule zinafanya kazi ndani ya mishipa ya moyo wako.

Ndani kabisa, mshipa umetandikwa safu nyembamba ya seli inayoitwa endothelia. Hizo ndizo zinazotoa oksidi ya nitriki, gesi inayoamuru msuli wa mshipa ulegee. Usiku, kwa mtu mzima wa afya, tansio (shinikizo la damu) hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Kunapokucha hupanda tena: adrenalini inaongezeka, chembe sahani za damu zinashikana kwa urahisi zaidi, na PAI-1, protini inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, iko juu. Ndiyo maana mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya alfajiri na adhuhuri, jambo linalofahamika vizuri tangu miaka ya 1980.

Sasa tia mafuta. LDL, ile kolesteroli inayoitwa mbaya, ikizidi hupenya chini ya endothelia na kuoksidishwa humo. Kimeng'enya kilichokuwa kikitengeneza oksidi ya nitriki kinageuka, kinaanza kutoa kemikali kali zinazoiangamiza gesi hiyohiyo. Kwa hiyo asubuhi tansio inapanda na mshipa haulegei inavyopasa.

Mafuta yanaifikia hata saa yenyewe. Asidi za mafuta hushika vipokezi vya PPAR, protini za ndani ya seli zinazowasha jeni, na vipokezi hivyo vina mkono katika kuwasha BMAL1. Panya waliolishwa mafuta mengi walianza kula saa zao za kulala, na kupanda na kushuka kwa jeni za saa kukafifia katika ini na katika tishu ya mafuta. Kinyume chake nacho kimeonekana: panya walioondolewa BMAL1, au wenye PER2 (mojawapo ya zile jeni za PER) mbovu, mishipa yao hushindwa kulegea vizuri. Panya si mtu, nalisema mapema kabla wanafunzi wangu hawajanikumbusha. Hata hivyo kinachoonekana ni duara: mafuta yanadhoofisha saa, na saa dhaifu inauacha mshipa bila kinga.

Hapo nawafikiria watu wa kazi ya usiku, na mji huu unao wengi: wa migodini, masentineli, wauguzi. Chakula kilekile kikiliwa usiku wa manane huacha trigliseridi (aina ya mafuta yanayosafiri katika damu) nyingi zaidi katika damu kuliko kikiliwa mchana. Mawese, ambayo karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito, yaani yaliyoshiba, siyapigi marufuku; sombe (majani ya muhogo) bila mawese mimi mwenyewe sili. Ninachoomba ni kwamba bukari (ugali) na mboga yenye mafuta viliwe jioni kabla ya kwenda kazini, na usiku wa manane kiwe kitu chepesi.

Ukija kupima, mwambie wa maabara umekula nini mara ya mwisho na lini. Mtu aliyetoka zamu na kula mikate ya kukaanga alfajiri hahesabiwi kuwa amefunga kula kabla ya kipimo, hata kama kwake siku ndiyo kwanza imeisha, na trigliseridi zake zitasema hivyo.

Kuhusu vidonge vya kushusha kolesteroli: ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Simvastatini haikai sana mwilini, kwa hiyo humezwa jioni. Atorvastatini hukaa muda mrefu, unaweza kuimeza saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku. Anayebadilisha zamu kila wiki namwandikia hiyo ya pili, maana jioni yake haijulikani iko wapi.