Je, wajua kwa nini kuvunja posa hakufuti ugonjwa wa kurithi?

Kabla mahari haijatajwa, iwe Tukuyu au Kilolo, wazee huuliza: ukoo ule una nini? Wanachokiogopa ni kifafa, ualbino na kichaa. Wanawawazia wajukuu, hilo nawapa. Ila hesabu inawakatalia.

Tuanze na ualbino. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kati ya kila watu 1,400. Ili mtoto azaliwe nao, lazima apate kinasaba chenye hitilafu kwa baba na kingine kwa mama. Aliyerithi kimoja tu haonekani tofauti na wenzake. Ukikokotoa kwa kiwango hicho, karibu mtu 1 kati ya 19 anacho bila kujua. Zaidi ya asilimia 95 ya vinasaba hivyo vimo kwa watu wasio na ualbino, na huenda mzee anayekataa posa ni mmoja wao. Hata wenye ualbino wote wasipozaa, kizazi kijacho kitabaki karibu vilevile. Kilichobaki hapo ni binti kunyimwa ndoa bure, na mimi naiita dhuluma.

Kifafa ndicho kinaniuma zaidi, maana mara nyingi huku kwetu hakikurithiwa hata kidogo. Mbeya, Mbozi na Iringa kuna ufugaji mwingi wa nguruwe, na tegu wa nguruwe yupo. Mwenye mnyoo huyo tumboni hutoa mayai kwenye kinyesi. Mtu akiyameza kwa maji, mboga au mikono michafu, hata kama nyama ya nguruwe hajawahi kuionja, viluwiluwi vyake vinaweza kujenga vifuko kwenye ubongo, na kifafa kikaanza ukubwani. Ndugu wawili wakiugua, watu husema ni ukoo, kumbe wamekunywa maji mamoja. Hapo kinachohitaji kuchunguzwa ni choo na banda.

Serikali nazo zimewahi kujitwika kazi hii ya wazee. Jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa nguvu mwaka 1907. Ujerumani ilifuata mwaka 1933, kifafa kikiwa kwenye orodha yake, na watu wapatao 400,000 wakafungwa kizazi.

Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, ni habari nyingine, kwa sababu kipimo cha damu kinasema kitu cha uhakika. Wachumba wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba chake, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Wapime, ndiyo, tena mapema. Lakini majibu ni ya wao wawili. Wanaweza kuachana, kuoana wasizae, au kuzaa huku wakijua mtoto apimwe mara tu anapozaliwa ili aanze kliniki kabla hajaugua. Mshenga hana haki ya kuyabeba majibu hayo hadi kwenye kikao cha ukoo.